Mlevi wa Lango la Maji

9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupunguzia adhabu, na kwamba jirani yako Mama Redio bado anakuletea habari za mtaa mzima kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Huku tu wazima. Mume wangu kabaki nyumbani na mapacha, na kwa jinsi nilivyosikia jana, wote watatu wanakula mkate na mayai asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayelalamika. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua wewe na simu hampatani. Ukiipokea unapiga kelele kama uko ng'ambo ya bonde, halafu unakata kabla sijaaga.

Safari yetu ya baiskeli imefika katikati ikakwama. Niko na mwenzangu wa kazini, tunayekaa naye meza moja kuchonga meno ya bandia. Tumembandika jina la Breki, maana hakuna mteremko anaoushuka bila kushika breki zote mbili na kufumba jicho moja. Tulikuwa tunaufuata mto vizuri, upepo unatusukuma mgongoni, mara juzi Breki kaingia kwenye shimo na rimu ya nyuma ikapinda kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa. Fundi kasema rimu ya saizi ile mpaka iagizwe. Ndiyo maana tumekwama katika mji huu wa kale kando ya mto, na kwenye mitaa yake ya zamani baiskeli haziruhusiwi kabisa. Tumevaa raba, tunatembea.

Nisiwe mchoyo wa sifa, mji ni mzuri. Vichochoro vya mawe ni vyembamba hata mkikutana wawili mmoja lazima apite ubavu. Nyumba zimeegemeana mabega, na madirisha ya juu yana vibaraza vidogo vya chuma ambavyo mtu anaweza kusimama na kikombe chake na si kingine. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, zimelika katikati kwa miguu ya watu. Na kwenye kuta za mtaa wa chini wamechora mstari mweupe kuonyesha maji yalipofika mwaka wa mafuriko makubwa. Breki alijipima, mstari ulimpita kichwa.

Tulijiunga na kundi la wageni wanaozungushwa kwa miguu. Mwongozaji ni kijana mwenye kofia nyekundu, mdomo wake hauna kituo. Akatupeleka penye lango la zamani la maji, pale mfereji unapoachana na mto. Pana sanamu ya shaba ya mzee ameketi, kichwa kimeanguka kifuani, chupa mkononi. Wenyewe wanamwita Mlevi. Kijana akasema huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango. Siku mto ulipofura yeye alikuwa amelewa chakari amelala, lango likabaki wazi, mtaa wa chini wote ukazama. Kisha akaigiza anavyokoroma. Watu walicheka mpaka basi. Ukimsugua pua, eti unapata bahati, na pua yenyewe imeng'aa kama sarafu mpya. Mimi nilimkalia mapajani kabisa. Picha nimekuwekea humu. Nimekununulia na zawadi dukani, nimeituma peke yake, itakufikia.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema sisi asili yetu ni watu wa mtoni, ila hajui mto gani kwa sababu aliondoka akiwa mgongoni. Wewe ukiulizwa unahamia kwenye habari za mapazia. Basi nikitembea hapa najisemea, labda ulikuwa mji kama huu.

Mwanao,
Mbishi


2 Aprili

Mwanangu Mbishi,

Marahaba. Barua imefika. Mgongo uko palepale. Nimepata kazi ya mapazia ya hoteli mpya, kitambaa kizito kama zulia, sindano tatu zimevunjika na cherehani inanung'unika kuliko mimi. Mama Redio anakusalimu. Binti yake kaolewa na dereva, jambo ambalo alisema halitatokea akiwa hai, na bado yu hai.

Wabusu mapacha. Wape na kitu kingine zaidi ya mayai.

Ile picha sikuipenda. Usinitumie tena picha ya namna ile, na uliyobaki nayo usimwonyeshe mtu.

Wako,
Shangazi


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tumerudi nyumbani salama, rimu mpya, miguu ya zamani. Mapacha wameota gego moja kila mmoja kwa siku moja, na kwa kuwa mama yao ni fundi wa meno, nyumba nzima inanidai pongezi.

Sasa niruhusu nikasirike kidogo, kwa heshima zote. Barua yangu ilikuwa ndefu. Nilikueleza ngazi, vichochoro, mto. Wewe umenijibu mistari miwili ya kunifokea kuhusu picha. Najua ni ile kaptula. Shangazi, ni kaptula ya baiskeli! Hakuna mtu anayeendesha baiskeli juma zima akiwa na gauni. Breki alivaa kama mimi, na mama yake ni mtu wa ibada kuliko wewe. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina kazi yangu na nyumba yangu, halafu naambiwa nifiche picha kama msichana aliyetoroka bweni. Picha ipo ukutani kazini, juu ya meza yangu, na itakaa hapohapo.

Kama kuna lingine, sema. Usininunie kwa barua. Kununa kwa barua ni kubaya, kunachukua siku nne nzima kufika.

Mwanao anayekupenda hata akikasirika,
Mbishi


20 Mei

Mbishi,

Salamu utapewa na Mama Redio, mimi leo sina.

Kaptula! Nani kataja kaptula? Ungekaa pale umevaa gunia nisingesema neno. Nimechukua zaidi ya mwezi kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu niliishia kuchana karatasi, na mimi si mtu wa kuharibu hata kipande cha hariri.

Kifurushi chako kilifika. Nilikifungua mbele ya watu nikidhani ni kitambaa. Kikatoka kifungua chupa. Mzee wa chuma, mdomo wazi, unaingiza soda kinywani mwake unafungua. Mama Redio akacheka, akasema mwanao ana vituko. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Yule uliyemkalia mapajani ni baba yangu. Ni babu yako, mzaa baba yako. Yule unayemwita Mlevi hakuwahi kuonja kileo maisha yake yote. Hata dawa ya kikohozi alikuwa akiinusa kwanza.

Haya, ulitaka mto gani. Ni huo. Tulikaa kwenye nyumba ya lango, vyumba viwili juu ya mfereji, sakafu ilikuwa ikitetemeka maji yakipita. Kazi ya baba ilikuwa kuzungusha gurudumu la chuma: mto ukipanda, anashusha lango ili maji yasiingie mferejini na kufurika mtaa wa chini. Siku ile mto ulianza kupanda mchana. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilimkuta ameshika gurudumu tayari, mikono ya shati imekunjwa, mzima kama mimi na wewe. Kabla hajaanza kushusha, akaingia Mwenyekiti wa mji na wafanyabiashara wawili wa mtaa wa juu, viatu vyao vinang'aa. Mashua zao za mizigo zilikuwa bado mtoni, zimejaa. Walitaka ziingie mferejini kwanza zijifiche na mkondo.

Baba akasema, "Nikingoja, lango halitashuka. Maji yatakuwa na nguvu kuliko chuma."

Mwenyekiti akasema, "Ungoje. Hiyo ni amri, si ombi."

Baba akasema, "Kuna watu huko chini."

"Na huku kuna mali ya mji mzima. Ungoje."

Nilikuwa nimesimama na bakuli mkononi, hakuna aliyeniona. Baba akanigeukia, akaniambia nikimbie kwa mama, tupande mlimani na mdogo wangu. Nikakimbia. Mashua zikaingia zote, hata moja haikupotea. Lango halikushuka. Mtaa wa chini ulizama jioni hiyo, na unaijua alama ya ukutani, mwenzako kajipima nayo.

Baba alirudi siku ya pili, mkono wa kulia umevunjika. Hakusema ulivunjikaje. Mwenyekiti alikuja nyumbani akasimama mlangoni bila kuketi. Akasema mji unajua kwamba mlinzi alikuwa amelewa. Akasema ukifungua mdomo utafungwa, na hawa watoto sijui watalelewa na nani. Tukaondoka na mkokoteni mmoja. Baba yako alikuwa mgongoni mwa mama.

Mzee alifia nyumbani kwangu, chumba hichohicho unacholala ukija. Alikuwa akisukuma mikokoteni sokoni kwa mkono mmoja, na alituapisha tusilitaje jambo hili. Nimeshika kiapo mpaka nikazeeka nacho. Leo naambiwa ametengenezwa kwa shaba, anasuguliwa pua na watalii, anakoromewa na kijana mwenye kofia!

Ondoa hiyo picha ukutani. Na mengine usiniulize.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani. Picha niliitoa ukutani kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa pili. Breki aliniona nalia juu ya meno ya watu, akanifungia duka, akanipeleka nyumbani. Mume wangu kasoma barua yako akasimama, akakaa, akasimama tena, kisha akasema, "Nenda. Watoto niachie." Watoto wazima, wanakusalimu kwa makelele.

Nilipanda basi Jumamosi. Sikwenda kutembea safari hii, nilikwenda kugombana.

Ofisi ya mambo ya kale iko ghorofani, karibu na lango. Mkuu wake ni bwana mpole mwenye tai, na mezani kwake amepanga vifungua chupa vya mzee mstari mzima, kama askari. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anaitikia kwa kichwa, namna ile mtu anavyoitikia mgonjwa.

"Una ushahidi?" akaniuliza.

"Shangazi yangu alikuwepo."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mtoto wa shule."

Akatabasamu. "Dada yangu, mtoto anampenda baba yake. Ni jambo la kawaida."

"Na huyo aliyemwona amelewa ni nani? Mtaje basi."

"Hiyo ni hadithi ya mji. Sisi hatusemi ni kweli, hatusemi si kweli. Watu wanaipenda. Ukimwondoa Mlevi, wageni watapiga picha na nini?"

Shangazi, niliona giza. Nilimuuliza kama ana baba. Akasema anaye. Nikamwambia basi mlete tumkalishe pale nje na chupa, tumsugue pua, wageni wapige picha. Tabasamu likaisha. Akaniita "mama" badala ya "dada" na kunionyesha mlango.

Nilishuka, nikaingia kwa mwoka mikate, nikaomba gunia tupu la unga, nikamvika babu kichwani mpaka mabegani. Kundi la wageni lilikuwa linafika. Mlinzi akaja mbio: "Vua hilo gunia!" Nikamwambia, "Si mnasema amelala? Mwacheni alale." Wageni wakacheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hata hasira yangu waliipiga picha.

Yule kijana mwenye kofia nyekundu hakucheka. Alinifuata hadi kituoni, akaniuliza, "Ni kweli ni babu yako?" Nikamjibu vibaya, siwezi kuandika nilivyomjibu.

Shangazi, njoo. Wewe ndiye uliyesikia ile amri kwa masikio yako. Wakikuona, hawataweza kutabasamu. Nitakulipia basi, nitakubeba mgongoni ikibidi. Haiwezekani mtu asukume mikokoteni kwa mkono mmoja hadi kufa, halafu wenye mashua wabaki na mitaa yenye majina yao. Nimeyaona majina yao, yamechongwa kwenye marumaru!

Mwanao,
Mbishi


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mapazia ya hoteli yamekwisha, meneja akalalamika ni mazito, nikamwambia kitambaa alichagua yeye. Mama Redio kapatana na mkwe wake. Anamsifu sasa kama yeye ndiye aliyemzaa.

Hilo la gunia limenichekesha, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Asante.

Kuja siji. Usidhani nawaogopa hao wenye tai. Mwenyekiti mwenyewe nilimtazama usoni nikiwa sijafika kiunoni pake, sembuse makarani wa leo. Kuna mlango mmoja tu katika mji ule ninaouogopa. Ni wa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja, tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Mama yake alikuwa mfua nguo wa mtaa wa chini. Alichukuliwa na maji siku ile. Tulipoondoka na mkokoteni, Kijiti alisimama mlangoni akatutazama hadi tulipokata kona. Hakunyanyua mkono. Lile jicho ninalo mpaka leo.

Na kuna hili, nakuandikia kwa sababu mdomo wangu hautaweza kulisema. Mimi nilimwona baba mchana. Ya jioni sikuyaona. Alinituma nikimbie. Yeye mwenyewe alifanya nini baadaye, alisimama au alikimbia kama mimi, hakuna aliyeniambia, naye hakusema. Nitakwenda kwa Kijiti nikiwa nimeshika nini?

Usiniandikie tena habari hii.

Shangazi


4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili habari za watoto tu, kama ulivyotaka, kimya. Nimepiga simu, haipokelewi. Jana nilimpigia Mama Redio, yeye ambaye anajua mpaka paka gani kazaa, akasema ulifunga nyumba, ukabeba begi la kijani na fimbo, ukamwambia unakwenda kuona kitambaa. Kitambaa gani cha wiki mbili? Ananiambia eti nisijali. Mama Redio akisema nisijali ndipo ninapoanza kujali!

Uko wapi? Ukipata barua hii nijibu neno moja tu.

Mbishi


19 Agosti

Mwanangu Mbishi,

Marahaba, na punguza kelele. Barua yako Mama Redio kanitumia huku. Niko mzima. Niko mtoni.

Sikukuaga kwa sababu ungekuja na magunia. Nilitaka kuuingia mji ule kwa miguu yangu, polepole, nikitaka kugeuka nigeuke bila mtu kuniona. Nilipoishiwa nguvu, fimbo tu ndiyo iliyonisukuma. Zamani mji ulikuwa unanuka sabuni na matope. Siku hizi unanuka kahawa na rangi mpya. Nyumba yetu ya lango wanauza aiskrimu. Chumba nilichozaliwa kina friji ndefu yenye mlango wa kioo. Msichana akaniuliza nataka ladha gani. Nikamwambia sitaki ladha, nataka kusimama. Akaniacha nisimame, mtoto mwema.

Kisha nikamwendea baba. Sitaelezea hilo. Nilimfuta pua kwa kitambaa, nikaondoka.

Mtaa wa chini niliuliza mtu mmoja tu, akaninyooshea kidole. Mlango uleule. Alifungua mwenyewe. Amebaki mwembamba vilevile, nywele tu ndizo zimekuwa nyeupe. Akanitazama viatu, akapandisha macho hadi usoni.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Umefuata nini?"

Maneno niliyoyapanga ndani ya basi yote yakanikimbia. Nikasema, "Nimekuja kukupa pole ya mama yako."

"Leo?"

"Siku ile sikupata nafasi."

"Nafasi ulikuwa nayo. Nilisimama hapahapa mpaka mkokoteni wenu ukakata kona. Nilikuwa nasubiri uniage."

Mwanangu, nilishika fremu ya mlango. Umri wangu wote nilijua alisimama pale kutulaani.

Akaniingiza ndani. Ana chumba kimoja na jiko, na dirisha linalotazama mfereji. Alinipa chai, hakunywa yake. Ndipo nikamuuliza, maana nilijua nisipouliza wakati ule sitauliza tena. "Baba yangu jioni ile alikuwa wapi?"

Alinishangaa. "Hujui?"

"Sijui."

"Alikuwa majini mpaka kifuani. Mimi na mama tulikuwa juu ya paa la kufulia, tunamwona kama ninavyokuona. Mashua ya mwisho ilipopita tu alilivamia gurudumu. Likamrudi, likampiga mkono, tulisikia alivyolia. Akaendelea na mkono mwingine. Mama akawa anamwita, 'Baba wa watu, toka, utakufa!' Hakutoka. Watu wa mashua ndio waliomtoa, wamemshika kiuno, anapigana nao arudi. Paa letu lilikwenda baada ya hapo."

Nililia, Mbishi. Sikulia alipokufa kama nilivyolia kwenye kile kiti. Nililia na kucheka, na pua ikavuja, na Kijiti akaninyooshea taulo la vyombo.

Halafu nikakasirika. Nikamwambia, "Umeliona hilo, ukaacha wamsimamishie chupa?"

Akanigeukia kama simba jike. "Nani kakwambia niliacha? Nilisema shuleni, mwalimu akanipiga. Nilisema nikiwa msichana, wakasema mtoto aliyefiwa maji yamemwingia kichwani. Nilipokuwa nafua nguo za hao hao watu wa mtaa wa juu nilisema, nikafukuzwa nyumba mbili. Siku waliyoleta sanamu nilikaa mbele yake chini, polisi wakaninyanyua mimi na ndoo yangu. Nilikuwa nasema peke yangu! Ninyi mlikuwa wapi?"

Kiapo kile alituapisha baba, lakini aliyekitunga ni Mwenyekiti, na sisi tukamtunzia kama mali ya urithi.

Kesho yake tulikwenda pamoja langoni kusubiri wageni. Kijana wako wa kofia nyekundu akaja na kundi. Akatuona wazee wawili tumeketi miguuni pa sanamu, mmoja na fimbo, mwingine na jicho kali. Alipofika penye kukoroma, Kijiti akasema kwa sauti, "Koroma basi, binti yake yuko hapa asikie." Kijana akavua kofia. Akatuuliza kama tungependa kusema wenyewe. Tukasema. Mimi nilisema ya mchana, Kijiti akasema ya jioni. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesugua pua. Tangu siku hiyo analeta kila kundi kwetu na kusimama pembeni. Si kijana mbaya. Alilishwa maneno akayameza.

Basi habari ikapanda ghorofani. Yule bwana wako mwenye tai akatuita, akatukalisha kwenye viti laini. Safari hii hakuuliza ushahidi, kwa sababu mashahidi walikuwa wawili wamemkalia mbele. Akasema ofisi imefikiria kuweka bamba jipya, akatusomea: "Huenda mlinzi hakuwa amelewa." Huenda! Nilimwambia huenda na wewe hukuoga leo, tuliandike hilo ukutani? Akafuta. Akaahidi ataiondoa chupa.

Jumanne fundi alikuja na msumeno, akaikata chupa, akalainisha palipobaki. Tukasogea tutazame. Mbishi, sijui nikuelezeje hasira niliyoipata. Chupa imetoka, mkono umebaki wazi, kiganja juu. Kabla hatujaondoka mgeni mmoja kamwekea sarafu! Wamemtoa kwenye ulevi wakamfanya ombaomba.

Tulipanda zile ngazi za ofisi mimi na Kijiti, tukipumzika kila kona, na hasira haikupungua hata kidogo njiani. Yule bwana akashika kichwa. "Mama zangu, gunia tumevumilia, bamba tumebadilisha, chupa tumeondoa. Sasa mtaridhika lini?"

Kijiti ndiye aliyemjibu, mimi pumzi ilikuwa haijanirudia.

"Akisimama," akasema.

Bwana akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kiti akaketi, akachukua kalamu, akaniuliza baba alikuwa mrefu kiasi gani. Nikasimama nikamwonyesha kwa mkono.

Nitakaa huku kwanza, kwa Kijiti. Nitumie mkasi wangu mkubwa na lile sanduku la nyuzi, Mama Redio ana ufunguo. Mapazia ya mwanamke huyu ni aibu.

Shangazi yako